Nani anashika daftari la bandari?

Jumapili ya tarehe 11 Juni 2023 nilishuka Igogo, hapa Mwanza, kumpelekea mjomba dawa zake za presha. Nyumbani sikumkuta. Jirani akanielekeza kijiweni kwenye kahawa, na kweli nikamkuta huko, kijiwe kimefurika kama siku ya Simba na Yanga. Jana yake Bunge lilikuwa limeridhia makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari. Kila mtu alikuwa na la kusema, na karibu wote walikuwa wakilisema kwa wakati mmoja. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amesimama juu ya benchi, helmeti mkononi, akirudia maneno yaleyale matatu: "Wameuza bandari yetu!" Mzee mmoja muuza dagaa akamjibu kwamba bandari haibebeki, ataihamishia wapi huyo aliyeinunua? Wakacheka, wakaanza upya.

Mjomba alikuwa kimya. Nilipomwamkia akanisogezea nafasi kwenye mkeka.

"Marahaba, mama. Wewe si ndiyo kazi yako hii? Umeyasoma haya makaratasi?"

Nilikuwa nayo kwenye simu. Siku zile yalikuwa yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, Kiingereza kitupu cha kisheria, na wengi waliyatuma kwa wenzao bila kuyafungua. Nikaanza kuwasomea huku natafsiri, polepole, maana kuna maneno yalinishinda nikabaki nayazunguka. Nilipofika kwenye lengo la makubaliano nikasoma kwamba yanahusu kuendeleza na kuendesha bandari za bahari na za maziwa.

Yule kijana akashuka kwenye benchi. "Rudia hapo, dada. Umesema na za maziwa?"

Ndiyo, na za maziwa.

"Kwa hiyo na hii yetu?" Akanyoosha mkono kuelekea bandari ya Mwanza Kusini.

Kijiwe kikatulia. Mpaka dakika ile bandari ilikuwa habari ya Dar es Salaam, kitu cha kubishania kama siasa nyingine yoyote. Sasa ilikuwa geti ambalo nusu ya waliokaa pale walikuwa wamepita, wakiwa makuli, wakiwa abiria wa kwenda Bukoba, au wakiwa wake na watoto waliokuwa wanawapelekea chakula baba zao. Nimeshiriki mijadala mingi ya bandari tangu siku ile, mingine na watu waliosoma sana, lakini sijapata tena ukimya ule. Makala hii nimeiandika kwa ajili yake.

Niseme kwanza nasimama wapi. Mimi ni wakala wa forodha. Watu wa Kanda ya Ziwa wanaagiza mizigo, inashuka Dar, mimi na wenzangu tunaitoa na kuisafirisha mpaka huku. Kwa hiyo ucheleweshaji wa bandari kwangu ni bili halisi. Mwaka 2021 nilikuwa na kontena la mteja wa Sengerema, ndani yake mashine ya kukoboa mpunga. Kontena lilikaa siku 26. Nikiuliza upande huu naambiwa mfumo umegoma, nikiuliza upande ule naambiwa kreni ni mbovu, na storeji, yaani malipo ya kontena kukaa bandarini, inapanda kila kukicha. Mteja alikuwa amekopa benki kwa hesabu ya msimu wa mavuno. Mashine ilipofika Sengerema mpunga ulikuwa umeshauzwa kwa walanguzi ukiwa na maganda yake. Alinipigia simu usiku, hakunitukana, akaniuliza tu kama mimi naona ni haki. Nilikosa jibu. Mtu akiniambia bandari yetu ilikuwa inakwenda vizuri na haikuhitaji mtu wa kuiendesha kisasa, namwona hajawahi kulipa storeji.

Wala mgeni bandarini si jambo la juzi. Gati za makontena za Dar ziliendeshwa na TICTS tangu mwaka 2000, kampuni ambayo mwenye hisa mkubwa alikuwa Hutchison ya Hong Kong. Mkataba ulianza kwa miaka 10, kisha mwaka 2005 ukaongezewa 15 kabla hata ile 10 ya kwanza haijaisha. Wabunge walipiga kelele, kelele zikapita, na kampuni ikabaki mpaka mwisho wa 2022. Zaidi ya miaka ishirini. Sikumbuki kijiwe chochote cha Mwanza kilichojaa watu kwa ajili ya TICTS. Kama hoja ni ugeni peke yake, tungeanza kulia zamani.

Basi tulikuwa tunaogopa nini hasa mwaka 2023? Jibu langu nililipata kwa mjomba jioni ileile, nilipomrudisha nyumbani.

Mjomba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo Mwanza Kusini, enzi ambazo bandari za ziwa na meli zake zilikuwa chini ya Shirika la Reli. Kazi yake ilikuwa kusimama pale mabehewa yanapoingia kwenye meli au yanapotoka, na kuandika. Alikuwa na kitabu cha ofisi, na pembeni daftari lake mwenyewe la kurasa ngumu, alilokuwa ananakilia ili mzigo ukipungua asije akasingiziwa. Daftari hilo analo mpaka leo. Jioni ile alilitoa chini ya kitanda, kwenye sanduku la bati, akaniwekea mapajani.

Lilinuka vumbi na mafuta ya taa. Kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: tarehe, namba ya behewa, namba ya sili iliyofunga mlango wake, mzigo, anakopelekewa, sahihi. Mwandiko wake ni wa shule ya misheni, herufi zimelala upande wa kulia. Pamba. Kahawa. Saruji. Sukari. Nikafungua kurasa za mwisho wa 1978 na mwanzo wa 1979, na hapo kuna mabehewa ambayo kwenye safu ya mzigo hakuandika kitu. Amepiga kistari kifupi tu. Namba ya behewa ipo, namba ya sili ipo, sahihi ipo. Mzigo: kistari.

"Hayo ya vita," akasema. "Tuliambiwa yale yenye turubai usiulize, usiandike. Namba tu. Na mimi sikuwa nataka kujua."

Vijana wengi wa Mwanza hawajui kwamba vita ya Kagera ilifika hapa mjini. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilikuja kulipua maghala ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, pale mbele ya Capri Point, yakaua wanyama wa hifadhi. Leo tunawapeleka watoto Saanane kuona swala na pimbi, wanapiga picha juu ya mawe, tunarudi na boti. Adui aliyekuwa anatafuta shingo ya Mwanza alijua ipo kwenye mafuta, kando ya reli na maji. Na kabla ya hapo, Julai 1916, Waingereza walipowang'oa Wajerumani hapa, ziwa na bandari yake ndivyo walivyokuwa wakivigombea. Mji huu umeshapigwa kwa sababu ya kile kinachopita gatini kwake. Kwa hiyo mtu wa Mwanza akisema "usalama wa taifa" kwenye habari ya bandari, asionekane anazusha.

Nilirudi nyumbani nikiwa na kile kistari kichwani. Mwaka 1979 siri ya nchi ilikuwa inalindwa na karani mmoja aliyeinua kalamu. Leo hakuna karani wa namna hiyo. Gati la kisasa linaendeshwa na programu moja inayojua kila kontena: limetoka wapi, lina nini kwa mujibu wa manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, limekaa safu ipi, linatoka lini, limechukuliwa na gari la namba gani. Programu haina kistari. Anayeiendesha anaona yote, na kama seva ziko nje ya nchi, basi yanaonekana huko pia. Forodha ni ya TRA, ardhi ni ya Mamlaka ya Bandari, polisi na uhamiaji ni wetu, TASAC ndiyo msimamizi wa huduma. Vyote hivyo ni kweli, na serikali ilivisema mara nyingi. Lakini daftari la kila siku analishika mwendeshaji. Mimi ninayefanya kazi hii nakuambia mwenye daftari ndiye anayejua nchi inakula nini, inajenga nini, na inajiandaa na nini.

Wamarekani walipita njia hii kabla yetu, na kwa kampuni ileile, DP World ya Dubai, ambayo makubaliano yetu yalikuwa yanaifungulia mlango. Mwaka 2006 DP World iliinunua P&O ya Uingereza kwa karibu dola bilioni 6.8, na ndani ya P&O kulikuwa na shughuli za gati katika bandari za New York, New Jersey, Philadelphia, Baltimore, Miami na New Orleans. Kamati ya serikali inayopima uwekezaji wa kigeni ilishapitisha. Rais Bush akaunga mkono, akasema ataipigia veto sheria yoyote ya kuzuia. Wabunge, wa chama chake pia, wakawaka. Kamati ya Bunge ikapiga kura 62 kwa 2 kuzuia. Siku iliyofuata DP World ikatangaza kuachia upande wa Marekani, na mwisho wa mwaka ule ukauzwa kwa AIG, kampuni ya Kimarekani.

Nimesoma mengi ya mjadala ule na kuna mambo mawili yananisumbua mpaka leo. La kwanza, P&O nayo ilikuwa kampuni ya kigeni. Mwingereza aliposhika daftari hakuna aliyestuka. Mwarabu alipolishika, ikawa vita. Walinzi wa pwani na maofisa wa forodha wa Marekani wangebaki palepale walipo. Watu wengi hawakuwa wanapima hatari, walikuwa wanaangalia sura. La pili, katikati ya kelele ile kulikuwa na swali la haki kabisa: inakuwaje jambo kubwa hivi lipitishwe na kamati ya ndani, wawakilishi wa wananchi walisikie kwenye vyombo vya habari? Swali hilo halikufa na mkataba. Mwaka 2007 walitunga sheria mpya ya uwekezaji wa kigeni na usalama wa taifa, wakaibana ile kamati iwe inatoa taarifa bungeni. Chuki ilipopoa, kilichobaki mkononi mwao ni utaratibu.

Kwetu nako sura ziliangaliwa, na jambo hili linaniuma. Pale kijiweni, dakika kumi baada ya kusoma kifungu cha maziwa, mtu akaanza habari za Waarabu na pembe za ndovu na minyororo. Mwingine akaingiza dini. Wa tatu akaingiza Uzanzibari wa Rais. Mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vipuri, aliyezaliwa Mwanza kama baba yake, aliinuka kimya kimya, akaacha kikombe chake nusu, akaondoka. Hakuna aliyemwita. Na mimi sikumwita. Nililiona nikakaa kimya kwa kuwa nilikuwa natafuta kifungu kinachofuata kwenye simu, na nimejilaumu kwa hilo. Yule mzee ni mtu wa hapa kuliko mkataba wowote. Hoja ya usalama ikishageuka kuwa hoja ya asili ya mtu, wenye mkataba wanapumua, maana hakuna tena anayeuliza vifungu.

Na vifungu vilikuwa na mambo. Kilichonisimamisha mimi ni ibara ya 23, kifungu kidogo cha nne. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba upande wowote hautakuwa na haki ya kujitoa, kusimamisha au kuvunja makubaliano kwa hali yoyote ile, hata kama kuna ukiukwaji mkubwa, hata kama hali imebadilika kabisa, hata kama uhusiano wa kibalozi umevunjika. Nilipowasomea hicho, mjomba aliniomba nikirudie mara tatu. Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye redio wala bungeni: "Hata vita ikija?"

Jibu la serikali lilikuwa kwamba haya ni makubaliano ya msingi baina ya nchi, kwamba muda na masharti ya kutoka vitakuwa kwenye mikataba midogo ya utekelezaji. Naielewa hoja hiyo. Lakini mimi nikimwandikia mteja hati mbili, moja ikisema huwezi kutoka kamwe na nyingine ikisema unaweza, tukigombana ataniuliza ipi ni mama. Na ugomvi wenyewe ulikuwa umepangiwa kwenda kusuluhishwa Johannesburg, kwa sheria ya Uingereza, wakati sisi wenyewe mwaka 2017 tulitunga sheria za kutaka migogoro ya rasilimali zetu iamuliwe nyumbani.

Mlango wa kutokea si jambo la kufikirika. Djibouti ilimpa DP World gati la Doraleh mwaka 2006 kwa miaka 30. Ikaja kujuta, ikasema mkataba unaibana nchi, na Februari 2018 ikalitwaa gati kwa nguvu. Wasuluhishi wa London wameamua kwa faida ya DP World mara kadhaa. Djibouti inalo gati, na inayo madeni ya hukumu. Sri Lanka mwaka 2017 iliikodisha Hambantota kwa kampuni ya Kichina kwa miaka 99, ikiwa imeelemewa na madeni. Mtoto atakayezaliwa leo kule atazeeka bandari haijarudi. Sisemi sisi tulikuwa tunakwenda hukohuko. Nasema hao walikuwa na wanasheria, na mawaziri, na watu waliowaambia kila kitu kitakuwa kwenye mikataba midogo.

Yaliyofuata kwetu mnayakumbuka. Shauri lilifunguliwa Mahakama Kuu Mbeya, likatupwa tarehe 10 Agosti 2023. Tarehe 18 Agosti maaskofu Katoliki wakatoa tamko la kupinga, likasomwa makanisani. Nilikuwa ibadani liliposomwa, na kulikuwa na wazee waliokuwa wanatikisa kichwa na wengine waliotoka nje. Baadhi ya wakosoaji walikamatwa, akiwemo Dkt. Willibrod Slaa na wakili Boniface Mwabukusi. Hilo la kukamata lilinitisha kuliko kifungu chochote. Nchi inayomkamata anayeuliza swali la usalama wa taifa inapunguza macho yake yenyewe.

Kisha tarehe 22 Oktoba 2023, Chamwino, mikataba ya utekelezaji ikasainiwa. Gati namba 4 mpaka 7 za Dar kwa DP World, na ushirikiano katika gati 0 mpaka 3. Miaka 30, utendaji kupimwa kila baada ya miaka mitano. Serikali ikasema maoni ya wananchi yamezingatiwa. Naamini hivyo, kwa sehemu. Naamini ile miaka 30 na vile vipimo vya kila miaka mitano visingetangazwa kwa sauti kubwa namna ile kama vijiwe vingekaa kimya. Mwaka uliofuata, Mei 2024, Adani ya India ikachukua gati namba 8 mpaka 11 kwa miaka 30 pia, na mtaani ilipita karibu bila neno. Tulikuwa tumechoka. Lakini angalia ramani ya gati hizo, 4 mpaka 7 kwa huyu, 8 mpaka 11 kwa yule, na ujiulize kontena la Mwanza litashukia wapi ambako daftari ni letu.

Kazi, nikiri, imekuwa nyepesi. Mizigo yangu inatoka kwa kasi ambayo mwaka 2021 nisingeiota, na yule mteja wa Sengerema amerudi kuagiza. Sitakana hilo ili hoja yangu ipendeze.

Ila kuna jambo lilitokea wiki tatu tu baada ya Chamwino ambalo huku halikuzungumzwa inavyostahili. Novemba 10, 2023, mifumo ya DP World Australia ilivamiwa na wahalifu wa mtandao. Kampuni ikakata intaneti kujilinda. Kwa siku tatu hakuna lori lililoweza kuchukua kontena Sydney, Melbourne, Brisbane wala Fremantle, na makontena karibu 30,000 yakakwama. Hao ni Australia, wana bandari nyingine na akiba na majeshi ya mtandao. Miaka sita kabla yake kirusi cha NotPetya kiliikumba Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, magati yake kadhaa duniani yakarudi kwenye karatasi na kalamu. Hakuna jasusi wa Dubai hapo, hakuna njama. Kuna daftari moja kubwa linaloshikwa na mtu mmoja, na siku likifungwa kila mtu anasimama. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinapitisha mizigo Dar. Siku tatu za Australia, hapa kwetu zingefika mpaka Bukavu.

Ndiyo maana nikizungumza na wenzangu sasa sizungumzii tena "wawekezaji" kwa jumla. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, limejengwa na wakandarasi wa Kichina na likafunguliwa Juni 2025. Wakandarasi wamekusanya mitambo, sisi tunapita. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka nayo ni wakandarasi wa Kichina. Mjenzi akimaliza anakabidhi. Mwendeshaji anabaki, anaandika, anahesabu, miaka 30. Ni watu wawili tofauti na wanahitaji mikataba miwili tofauti kabisa, na sisi tunawapokea kwa ngoma ileile.

Sasa turudi ziwani, maana maneno "na za maziwa" hayajafutwa popote. Reli ile ikifika hapa, Mwanza Kusini itakuwa kitu kingine. Mzigo utashuka Dar, utapanda treni zaidi ya kilomita 1,200, utaingia melini kwenda Port Bell au Kisumu. Mtu mwenye pesa atalitamani geti hili, na atakuja na mchoro mzuri, na pengine tutamhitaji kweli. Ninachotaka kiwe kimeandikwa kabla hajafika ni hiki: nakala ya mfumo wa gati ikae kwenye seva za nchi na ifanye kazi hata mwenye programu akizima ya kwake. Mizigo ya jeshi iwe na njia yake ambayo haipiti kwenye mfumo wa mwendeshaji, ule ule mstari mfupi wa mjomba, uwe na kifungu chake. Kuwe na siku ya dharura ambayo nchi inalichukua gati bila kuomba ruhusa Johannesburg, na fidia ihesabiwe baadaye. Na gati moja, hata dogo, libaki mikononi mwa Mamlaka ya Bandari kwenye kila bandari, ili tusisahau kazi. Mtu aliyesahau kupika hawezi kumwambia mpishi kwamba chakula kimeungua.

Na mkataba uwe wa Kiswahili, usomwe hapa. Usiishie Dodoma. Waitwe makuli wa Mwanza Kusini, kina mama wa dagaa wa mwalo wa Kirumba, mabaharia, wenye maboti. Katika ziwa hili tumepoteza ndugu zetu, MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, na mara zote mbili chombo kilibeba watu kupita uwezo wake. Watu wa huku wanajua kwa uchungu idadi isipoandikwa sawasawa inakuwaje. Wana haki ya kuuliza nani ataandika.

Mwezi uliopita nilikuwa na mzigo Mwanza Kusini na mjomba akaomba nimchukue, aone. Tulijiandikisha getini, akapewa fulana ya kung'aa inayomfika magotini. Kwenye reli ya ghala kulikuwa na mabehewa yanapokelewa, na karani wa siku hizi, binti wa miaka ishirini na kitu, anapita na kishikwambi akiingiza namba. Mjomba akamfuata kwa fimbo yake behewa kwa behewa. Binti akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ukishaandika inakwenda wapi?"

"Kwenye mfumo, babu."

"Mfumo wa nani?"

Binti akaniangalia mimi, kisha akamjibu: "Wa bandari, babu. Wa kwetu."

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza namba ya sili ya behewa la tatu ameisoma kwenye sili yenyewe au kwenye karatasi ya safari. Binti akanyamaza kidogo. Akarudi mpaka behewa la tatu, akainama, akafuta vumbi kwa kidole, akaanza kuisoma upya kwa sauti, na mjomba akatoa kalamu mfukoni.